Utu Uzima na Madaraka: Wanawake Wazee katika Siasa za Taifa

  

Tarehe 21 Machi 2025, Netumbo Nandi-Ndaitwah aliapishwa mjini Windhoek kuwa Rais wa Namibia. Alikuwa na umri wa miaka 72. Makamu wake, Lucia Witbooi, ni mwanamke. Wiki hiyohiyo Bunge lilimpata Spika mwanamke, Saara Kuugongelwa-Amadhila, aliyekuwa ametoka kuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi. Wapo humu ukumbini waliokuwa watu wazima jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 1980 na 1986. Huenda walipishana mtaani na huyu Rais wa leo bila kumjua, maana miaka ile alikuwa hapa kwetu, mwakilishi mkuu wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, kwa Afrika Mashariki.

Baada ya uchaguzi uliompa urais nilisikia swali likirudiwa, na mara nyingi waliouliza walikuwa vijana: kwa nini wamchague bibi wa miaka 72? Swali ni halali. Lakini lina mwenzake ambalo halikuulizwa: miaka yote hiyo alikuwa wapi? Alijiunga na harakati za ukombozi mwaka 1966 akiwa na miaka 14. Akaenda uhamishoni mwaka 1974. Akaingia Bunge la kwanza la Namibia huru mwaka 1990, akashika wizara moja baada ya nyingine, ya wanawake, ya habari, ya mazingira, ya mambo ya nje. Alikuwa kazini. Kutoka siku aliyojiunga hadi siku aliyoapa ni karibu miaka 60.

Jioni hii nina hoja moja. Mwanamke mzee tunayemwona katika siasa za taifa, kwa kawaida, hakukaa kupita muda wake. Alicheleweshwa kuanza, au alicheleweshwa njiani. Ukimpima kwa umri wake peke yake, unamtoza faini kwa ucheleweshaji ambao si yeye aliyeusababisha. Na ugomvi tunaousikia siku hizi, kwamba akina mama wazee wawapishe wasichana, ni ugomvi wa watu wawili waliofungiwa chumba kidogo huku nyumba nzima ikiwa na mwenyewe mwingine.

Safari inayoanza mchana

Tuanze na hesabu za umri. Salim Ahmed Salim aliteuliwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu akiwa na miaka 39. Marekani, Joe Biden alichaguliwa seneta mwaka 1972 akiwa na miaka 29. Hakuna aliyeona ajabu. Wanaume wenye vipaji huanza mapema, wakifika miaka 60 wana miongo mitatu au minne ya kujifunza kazi.

Sasa tazama upande wa pili. Nancy Pelosi alizaliwa Baltimore mwaka 1940, binti wa mwanasiasa aliyekuwa meya wa jiji hilo. Siasa aliinyonya nyumbani. Hata hivyo alizaa watoto watano katika muda wa miaka sita, akawalea, akikusanya michango na kupanga kampeni za wengine, na alipoingia Bunge la Marekani mwaka 1987 alikuwa na miaka 47. Uspika aliupata Januari 2007 akiwa na miaka 66, mwanamke wa kwanza. Sheria kubwa ya bima ya afya ya mwaka 2010 aliipitisha siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. Wenzake wa kiume wa rika lake waliokuwa wamekwisha kuchoka walikuwa wameanza miaka mingi kabla yake.

Karibu na hapa, Wangari Maathai aliingia Bunge la Kenya kwa mara ya kwanza Desemba 2002, akiwa na miaka 62, baada ya kupigwa virungu na kuwekwa rumande kwa sababu ya miti na viwanja vya umma. Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia aliolewa akiwa na miaka 17, akazaa wana wanne, akasoma, akawa Waziri wa Fedha, akanusurika mapinduzi ya 1980, akafungwa, akaishi uhamishoni, akashindwa uchaguzi wa 1997. Alipoapishwa Januari 2006 alikuwa na miaka 67. Hapa Tanzania, Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 akiwa na miaka 40, kwa viti maalum, na urais ukamkuta Machi 2021 akiwa na miaka 61. Mtumishi wa kawaida wa serikali mwenye umri huo huwa amekwisha kustaafu kwa lazima, anafuatilia mafao yake.

Nini kinachochelewesha? Malezi ndiyo jibu la haraka, na ni la kweli, lakini halitoshi. Kuna fedha. Kura za maoni ndani ya vyama vyetu zinataka usafiri, chai, fulana, khanga, na mikono isiyorudi mitupu. Mwanamke wa miaka 30 asiye na shamba, nyumba wala mkopo anaanzia wapi? Kuna rushwa ya ngono. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja waziwazi katika kifungu cha 25, na sheria haitungiwi kitu kisichokuwepo. Wapo wasichana wengi wenye akili waliopima bei hiyo wakaamua kusubiri. Walirudi wakiwa na miaka 45 au 50, wana mume au hawana, wana watoto wakubwa, na wana uso ambao katibu wa chama anauogopa kidogo.

Wapo walioanza mapema, sikatai. Anna Makinda aliingia bungeni mwaka 1975 akiwa na miaka 26, kwa nafasi ya vijana. Lucy Lameck naye alikuwa kijana alipoingia Baraza la Kutunga Sheria. Na Bibi Titi Mohamed alikuwa na miaka 29 mwaka 1955 alipochukua uongozi wa wanawake wa TANU, akapita mitaa ya Dar es Salaam kupitia vikundi vya ngoma na kuandikisha wanachama kwa maelfu.

Kwa Bibi Titi niruhusuni nisimame kidogo. Mwaka 1965 alishindwa ubunge wa Rufiji. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Sikuja kuifungua upya kesi ile. Nataka tuangalie umri tu. Alitoka gerezani akiwa na miaka kama 46, akafariki Novemba 2000 akiwa na miaka 74. Kati ya miaka 46 na 74, Pelosi aliingia Bunge akafika uspika, Nandi-Ndaitwah akafika urais, na Sirleaf akamaliza muhula wa kwanza wa urais na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Bibi Titi, kwa miaka hiyohiyo, alikuwa raia wa pembeni. Baadaye tukampa jina la barabara. Barabara ni heshima, lakini haikai kwenye kamati, haisomi bajeti, wala haimuulizi waziri swali la nyongeza.

Kinacholetwa na umri

Wahenga walisema utu uzima dawa. Kama dawa zote, tuuulize unatibu nini.

Kwanza, unatibu usahaulifu wa dola. Phoebe Asiyo wa Kenya alizaliwa mwaka 1932. Kabla ya uhuru alikuwa ameongoza chama cha Maendeleo ya Wanawake, na alifanya kazi magereza, akiona jinsi wafungwa wanawake walivyotendewa. Alikuwa mbunge wa Karachuonyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1997, akiwa na umri wa kupata pensheni, alipeleka bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi. Bunge lilikuwa na wanawake wa kuhesabika kwa vidole, hoja ikaangushwa. Mwanasiasa wa miaka 35 angejifunza hapo kwamba jambo hili halina kura, angetafuta lingine. Mama Asiyo hakuwa na cheo cha kukimbilia. Aliichukua hoja ileile hadi kwenye tume ya kurekebisha katiba, na Katiba ya 2010 ikaja na viti 47 vya wawakilishi wanawake wa kaunti pamoja na sharti kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilishindwa kulitimiza sharti hilo hadi Jaji Mkuu David Maraga, Septemba 2020, akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Mama Asiyo alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 92, theluthi bado haijapatikana. Katiba ilipata sehemu ya alichokitaka kwa sababu mtu mmoja aliishi muda mrefu na hakuchoka.

Pili, utu uzima huleta kujuana na watu. Sirleaf aliikuta Liberia ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 4, nchi ambayo bajeti yake ya mwaka haikufika hata sehemu ya kumi ya deni hilo. Alikuwa amefanya kazi Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa. Walioketi upande wa pili wa meza alikuwa akiwafahamu kwa majina na kwa tabia. Mwaka 2010 sehemu kubwa mno ya deni lile ilifutwa. Haki inadai niseme na upande wa pili. Aliwapa wanawe vyeo vikubwa serikalini, na Waliberia wengi hawakumsamehe. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi yake ilipendekeza azuiwe kushika madaraka ya umma kwa sababu ya kumuunga mkono Charles Taylor mwanzoni mwa vita. Utu uzima humpa mtu mtandao, na mtandao haubagui: ndugu wanapita humo kama wanavyopita wafadhili.

Tatu, mtu mzima hukubali kazi isiyo na sifa. Anna Makinda alipomaliza uspika mwaka 2015 hakugombea tena. Miaka sita baadaye, akiwa na miaka 72, akawa Kamisaa wa Sensa ya Watu na Makazi. Kuhamasisha watu wahesabiwe, kujibu uvumi, kuzunguka mikoani kuwaambia watu kwamba karani wa sensa si mtoza kodi: hiyo si kazi ya kutafutia umaarufu. Tulihesabiwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, tukawa watu 61,741,120, na mipango ya shule, maji na zahanati inasimama juu ya hesabu hiyo.

Hofu ya zamani

Ndugu Mwenyekiti, tusijidanganye kwamba upinzani dhidi ya mwanamke mzee kwenye madaraka unatokana na hesabu za ufanisi tu. Una mizizi mingine. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa mapanga miaka nenda miaka rudi kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yamewiva kwa moshi wa kuni na samadi, moshi wa kuwapikia haohao wanaowatuhumu. Kilifi, pwani ya Kenya, nako wazee wameuawa kwa jina la uchawi, na mara nyingi chini ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka. Mwanamke mzee mwenye kauli, mwenye mali au mwenye kumbukumbu hutafutiwa maelezo ya kutisha.

Jukwaa la siasa limerithi lugha hiyo. Mgombea msichana huambiwa malaya. Akivumilia hadi azeeke, huambiwa mchawi. Baina ya matusi hayo mawili kuna miaka michache mno ambayo mwanamke anahesabiwa kuwa mwanasiasa tu.

Lakini mila hizohizo zina kumbukumbu nyingine. Mekatilili wa Menza alikuwa mjane mtu mzima mwaka 1913 alipowakusanya Wagiriama wa pwani hiyo ya Kenya kwa ngoma ya kifudu na kuwalisha viapo wakatae kodi na kazi za Waingereza. Wakoloni walimpeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Watu walimfuata mjane kwa sababu hakuwa na mume wa kutishwa wala ndoa ya kupoteza, na kiapo mdomoni mwa mtu wa umri wake kilikuwa na uzito. Basi pwani hii ilijua kumpa mwanamke mzee nafasi kabla ya kuwapo Bunge.

Mgonjwa mmoja na swali la haki

Sasa niwageukie wapinzani wangu, maana wana mfano mzito. Dianne Feinstein, seneta wa California tangu 1992, aliugua mkanda wa jeshi mwanzoni mwa 2023 akiwa na miaka 89. Alikosekana kazini kwa miezi zaidi ya miwili. Chama chake kilikuwa na wingi wa mtu mmoja tu katika kamati ya mahakama, kwa hiyo pengo lake lilikwamisha uteuzi wa majaji. Aliporudi Mei alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na watu walioona mahojiano yake waliingiwa na wasiwasi. Alifariki Septemba 29 mwaka huohuo, bado yuko kazini, akiwa na miaka 90.

Wananchi milioni 39 wa California walistahili seneta anayeweza kufanya kazi. Hilo halina mjadala, na anayeficha udhaifu wa kiongozi kwa kisingizio cha heshima ya wazee anaiba haki ya mpiga kura. Feinstein alipaswa kuambiwa ukweli, na waliomzunguka wakafaidika na kiti chake walipaswa kuulizwa zaidi yake.

Ila tusiishie hapo. Katika Seneti hiyohiyo alikuwepo Chuck Grassley, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1933. Novemba 2022, akiwa na miaka 89, alichaguliwa kwa muhula mwingine wa miaka sita. Strom Thurmond kabla yake alitimiza miaka 100 akiwa seneta. Pelosi alilalamika hadharani kwamba hajapata kuona seneta mwanamume mgonjwa akiandamwa vile. Mtu anaweza kusema alikuwa akimtetea rafiki, na huenda ni kweli. Ukweli unabaki kwamba afya ya seneta ni swali la kanuni. Taasisi isiyo na kanuni ya kumshughulikia kiongozi aliyedhoofika itaendelea kutegemea kelele, na kelele hupigwa kwa yule ambaye jamii imezoea kumpigia.

Kwa hiyo sitaki mwanamke mzee ahurumiwe. Nataka apimwe kwa mahudhurio yake, michango yake, kura alizopiga na majibu aliyowapelekea wapiga kura wake, na mizani hiyohiyo apandishwe mzee mwenzake wa kiume anayesinzia mstari wa mbele.

Chumba kidogo

Nimefika kwenye ugomvi wa bibi na mjukuu.

Katiba yetu, ibara ya 66, inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasiopungua asilimia 30. Katika Bunge lililochaguliwa mwaka 2020, viti hivyo vilikuwa 113. Majimbo yalikuwa 264, na wanawake walioshinda majimboni hawakufika 30. Zifikirieni namba hizo kidogo. Msichana anayetaka ubunge anaambiwa nafasi yake ni viti maalum. Akienda huko anamkuta mama wa miaka 62 ambaye amekuwepo vipindi vitatu, anajua kila mjumbe wa mkoa na majina ya wajukuu wake. Msichana anakasirika, na ana haki. Mama anajitetea, naye ana sababu. Wanararuana. Wakati huohuo, katika Bunge lile, majimbo zaidi ya 230 yalikuwa mikononi mwa wanaume, na ugomvi huo haukuwagusa.

Nikisikia kauli ya akina mama wazee wapishe damu changa, huuliza imetoka mdomoni mwa nani. Mara nyingi imetoka kwa mwanamume wa jimbo, tena wa rika lao.

Dawa ninayoipendekeza haitawafurahisha wote. Viti maalum viwe na ukomo, vipindi viwili kisha basi. Mwanamke aliyekaa bungeni miaka kumi akajulikana kwa jina na kwa kazi, asogezwe jimboni, na chama chake kimpe jimbo linaloshindika, kisimtupe kwenye ngome ya wapinzani akafie huko kisiasa. Akifanya hivyo akiwa na miaka 55 au 60, anakwenda akiwa na kila kitu ambacho msichana hana: fedha kidogo, jina, mtandao, na ngozi ngumu. Kiti alichoacha anakalia kijana. Ukomo usiofuatana na jimbo sitauunga mkono, kwa sababu utakuwa njia ya adabu ya kumstaafisha mwanamke pale anapoanza kuwa na nguvu.

Jambo la pili ni fedha. Sheria ya Gharama za Uchaguzi tunayo tangu 2010. Ikisimamiwa kwa ukali wakati wa kura za maoni, ambako ndiko wanawake wengi wanakoangushwa, wanawake wataanza siasa wakiwa na miaka 30, na baada ya kizazi kimoja hatutakuwa na haja ya kushangaa kwamba viongozi wetu wanawake wamezeeka kabla ya kufika.

Mpaka hapo, nawaomba wanafunzi mlioketi mbele. Safari ijayo chama chenu kitakapoleta orodha ya wagombea, msianze na kuhesabu mvi za akina mama walio juu ya karatasi. Hesabuni kwanza majimbo, mwone wanawake wamepewa mangapi, na katika hayo mangapi yanashindika. Pelekeni hesabu hiyo kwa katibu wa wilaya, mtake majibu kwa maandishi. Na mkienda, mchukueni mmoja wa hao akina mama awasindikize. Yeye anajua ofisi ya katibu iko wapi na anajua katibu huondoka saa ngapi anapoona wageni.